Fundi Udongo Asiyejua Udongo

Siku ya kuniaga mlitaka nihutubie. Nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa, nikarudi kwenye sahani yangu ya pilau. Mkacheka, mkasema Mzee Rajabu ni yule yule. Ni kweli. Kuna watu walioumbiwa jukwaa na kuna walioumbiwa kiti chenye mto kando ya dirisha, na Mungu hakukosea aliponiweka kundi la pili. Lakini Bahati hajanipa raha tangu siku ile. "Mzee, andika basi. Ba jeunes, vijana wapya, banaanza kazi, hawajui hata kushika mwiko." Haya, naandika. Nimekaa, chai iko karibu, na hakuna anayenitazama.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo sikupata vingi, na kwa kuwa mnaijua mishahara yenu, wangu mnaweza kuukisia. Nitawasimulia nyumba moja. Ukiacha masanduku niliyoyapigilia misumari na vioo nilivyovifuta alama za vidole vya watoto wa shule, kazi yangu yote katika kampuni hii ya maonyesho ilikuwa nyumba hiyo. Tena haikuwa nyumba nzima. Ilikuwa pembe: kuta mbili, mlango, na meko.

Mke wangu Zainabu ndiye aliyekuja Marekani, Louisville, kusomea uuguzi. Mimi nilikuja kama sanduku lake la tatu. Nikapata kazi ya kufunga mizigo katika karakana yetu, kazi iliyonifaa kabisa, kwani mizigo haisalimii na haiulizi habari za nyumbani. Nilikuwa nimeizoea vizuri, hadi asubuhi moja bosi wetu Denise akaniita pembeni. Mlimkuta amezeeka kidogo, lakini tabasamu lake lilikuwa lile lile la mtu aliyekwisha amua.

"Wewe unatoka Afrika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi nyumba za udongo unazijua."

"Sizijui, mama. Kwetu Tanga mjini tulikaa nyumba ya matofali ya saruji, bati juu, na choo cha kuvuta ambacho kiliharibika kila Ramadhani."

Denise akanitazama kwa huruma, kisha akamgeukia mwenzake. "Umemsikia? Watu wa kwao ni wanyenyekevu sana."

Nikarudia kwamba sijui. Machozi yakamlengalenga. Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sijawahi kushika udongo tangu nilipoacha kuchezea matope barazani kwa bibi yangu. Hilo la bibi ndilo lililonimaliza. Kadiri nilivyokataa ndivyo nilivyozidi kuwa fundi, na kufikia saa ya chakula karakana nzima ilikuwa ikiniita fundi udongo. Kwa hoja hiyo hiyo wakanipa na msaidizi: Bahati, mtu wa Uvira, baba wa watoto wanne.

"Wewe je, unajua?" nikamuuliza kwa matumaini.

"Mimi? Bon, mzee, mimi nilikuwa mwalimu wa mathématiques. Nyumba ya baba yangu ilikuwa ya briques, matofali kabisa, na étage moja juu."

Basi tukawa wawili.

Onyesho lenyewe lilihusu watu wa mpakani kule New Mexico, zamani nchi ile ilipokuwa chini ya Wahispania, ukingoni kabisa mwa himaya yao, mahali ambapo barua ya mfalme ilifika ikiwa imeshapitwa na wakati. Kulikuwa na picha, vyungu, mablanketi ya kufumwa, na punda wa sufu kwa ajili ya watoto. Katikati ndipo ingesimama ile pembe ya nyumba, iliyojengwa kwa matofali mabichi, yasiyochomwa, ya udongo na mchanga na majani makavu. Matofali yalikuja kwa lori kutoka kijiji kimoja cha milimani huko. Nyuma ya lori, ndani ya gari la binti yake, akaja Bi Eulalia.

Alikuwa bibi mfupi, msuko mmoja mweupe mgongoni, fimbo mkononi, aproni kiunoni kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nyumba ile ilikuwa mfano wa nyumba ya bibi yake, kipimo kwa kipimo, na udongo wake ulichimbwa pale pale. Yeye alilipwa kuwa mshauri. Kiingereza chake kilitembea taratibu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko tulivyoelewana na watu wengine.

Denise akatutambulisha. "Hawa ndio mafundi wetu. Kutoka Afrika."

Bi Eulalia akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaikagua kama mtu anayenunua samaki. "Huyu," akasema, "hajawahi kushika hata mwiko wa jikoni."

Nilitaka kumkumbatia. Katika Marekani nzima alikuwa mtu wa kwanza kuniamini.

Akatufundisha. Nayaandika mambo haya kwa sababu hakuna kitabu karakanani chenye kuyasema, na mkitegemea kumbukumbu ya Bahati mtapewa hesabu. Udongo huchekechwa kwanza, changarawe zote zitoke. Mfinyanzi ukizidi ukuta hupasuka, na mchanga ukizidi ukuta huchuruzika kama unga. Ukitaka kujua kipimo, finyanga mkate mdogo, uuache ukauke, kisha uuvunje sikioni: usikie mlio. Ukuta uloweshwe maji kabla ya kupakwa, la sivyo utanyonya maji ya udongo mpya hadi uukaushe ungali mkononi mwako. Paka kwa kiganja, si kwa mwiko. Mkono uende kama upinde wa mvua, chini, juu, chini tena, ukisukuma hewa mbele yake. Mwisho, ngozi ya kondoo iliyoloweshwa hupitishwa juu ya ukuta wote mpaka ulainike kama shavu.

"Kwetu kazi hii ni ya wanawake," Bi Eulalia alituambia siku ya kwanza, akitutazama kwa masikitiko. "Mwanamume hujenga mifupa, mwanamke huivika ngozi. Lakini tufanyeje. Mungu amenipa nyinyi."

Nilipomsimulia Zainabu jioni, alicheka hadi akaweka chini sahani. "Kazini unapaka nyumba ya watu kwa mkono, hapa taa ikiungua unaniita mimi!"

Jambo lililonitesa Louisville lilikuwa kinyesi cha farasi. Nchi ile ina farasi kuliko nilivyodhani farasi wapo duniani, na Bi Eulalia alisema kinyesi chao kikichanganywa na udongo hushika vizuri, maana majani yameshatafunwa kwa ajili yako. Sasa mimi ni mtu wa Tanga, Shafii wa kurithi, na kwetu kitu hicho ni najisi. Nilijinunulia gambuti, nikakanyaga tope huku nimekunja suruali hadi magotini, kisha nikaoga, nikatawadha, nikaswali, nikarudi, nikakanyaga tena. Bahati alinihesabia bafu. "Donc, mzee, bafu tatu kwa ndoo moja. Maji ya Louisville itakwisha." Hatimaye yeye, mtu wa kanisa, akabeba dhamana ya kukanyaga, nami nikabaki na kuchekecha. Ndivyo dini mbili zilivyojenga nyumba moja bila mkutano.

Tukipaka, Bi Eulalia alisimulia, na habari zake hazikuwa zile zilizoandikwa ukutani mwa onyesho. Ukutani kulikuwa na Wahispania na majembe yao, na wenyeji wa asili na vyungu vyao, kila mmoja upande wake, safi, kama kabati la vyombo. "Wangu wako wapi?" aliuliza. Bibi wa bibi yake hakuwa wa upande wowote. Alitekwa mtoto, katika vita vya makabila ya tambarare, akauzwa, akanunuliwa na familia ya Kihispania, akabatizwa, akalelewa jikoni kwao. Wenye asili hiyo walikuwa wengi, wametoka makabila mbalimbali, wamesahau lugha zao, wameshika Kihispania cha jikoni. Waliitwa Henisaro. Walipokuwa watu wazima serikali ikawapa ardhi yao wenyewe, lakini ikawapa kule pembeni kabisa, ambako mashambulizi yalianzia, ili wawe boma la wengine.

"Ulinzi wa bure," akasema Bahati.

"Bure kabisa," akasema Bi Eulalia. "Wakajenga nyumba, wakachimba mifereji, wakapanda mahindi. Na kila mwaka, mavuno yakiisha, wanawake walipaka nyumba zote za kijiji, moja baada ya nyingine."

Kisha akatuambia nyumba ya bibi yake imekwisha. Vijana walihamia mjini, binti yake mwenyewe akaja kuolewa huku mashariki, na wazee wakafa mmoja mmoja. Pale iliposimama pana kichuguu tu, kimeota nyasi. "Watu husema mvua imeiangusha. Mvua ilinyesha miaka mia mbili na haikuiangusha. Nyumba ya udongo haiuawi na mvua. Huuawa na kukosa mikono." Akaupigapiga ukuta wetu. "Imebaki pembe hii, na mnaipaka nyinyi wawili. Bikira Maria atusaidie."

Tangu siku hiyo niliacha kuiita nyumba ile mradi.

Onyesho lilikaa Louisville hadi watoto wa shule zote walipokwisha kumpanda punda wa sufu, kisha likahamia Columbus, nami nikalifuata pamoja na Bahati na Bi Eulalia. Zainabu alipata kazi hospitalini huko, kwa hiyo msidhani nilikuwa shujaa. Matofali yalitiwa namba kwa chaki, yakafungwa kwenye masanduku, yakafunguliwa, yakapangwa upya. Ngozi haisafiri. Ukihamisha nyumba ya udongo, mifupa inakwenda na ngozi inabaki, na kila mji unaanza kupaka upya.

Columbus palikosekana mpungate, ule mmea wa miiba ambao Bi Eulalia alitumia utomvu wake kuushika udongo wa juu. Tuliutafuta maduka yote, tukaupata kwenye vyungu vya maua tu, bei yake ya maua. "Utomvu wenyewe ukoje?" nikamuuliza. Akasugua vidole, akavitenganisha polepole, akanionyesha ule unyuzi wa kamasi. Mimi nikaona mlenda. Nikaenda zangu Morse Road, dukani kwa Waafrika, nikanunua bamia zote zilizokuwemo kwenye friji, nikazilowesha kwenye ndoo.

Ukuta ulishika vizuri ajabu. Lakini bamia zikiloana siku kadhaa karibu na mashine ya joto zina maoni yao. Ukumbi ulinuka kama sufuria iliyosahauliwa wikiendi nzima. Nilijificha stoo nikisubiri kufukuzwa, Denise akaja na uso wa furaha. Wageni walikuwa wakisifu: harufu ile, walisema, imewapeleka moja kwa moja zama za kale. Bi Eulalia alicheka mpaka binti yake akaja kumshika. "Bibi yangu alikuwa msafi!" alilia. "Msafi kuliko nyote!"

Hata hivyo ukuta wa Columbus haukumaliza muda wake bila nyufa, na hapo ndipo Denise alipoanza kutaja kuta za plastiki. Kuna kampuni, alisema, inayotengeneza ukuta wa plastiki wenye sura ya udongo, mwepesi, unaofutika kwa kitambaa. Tulijifanya hatusikii. Bi Eulalia alijifanya hajui Kiingereza.

Buffalo ndipo ilipokuwa kesi yenyewe, na ndipo onyesho lilipopangiwa kukaa moja kwa moja. Tulifika kipindi ambacho theluji hulala barabarani kama mtu aliyepanga chumba. Ndani ya ukumbi mashine za joto zilikuwa zikivuma mchana kutwa, hewa kavu hadi midomo inapasuka, sembuse ukuta. Tuliupaka, ukapasuka. Tukaupaka tena, ukapasuka palepale. Mara ya tatu kipande kizima kikabanduka na kuanguka karibu na mguu wa fundi umeme, mtu mpole, ambaye siku hiyo hakuwa mpole.

Denise alikuja, akakiangalia kile kipande, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sitaki mmfikirie vibaya. Alikuwa sahihi. "Rajabu, siwezi kuwafungulia watoto milango na ukuta unaanguka. Nimeagiza plastiki. Lori litafika Jumatatu. Ukuta ukiwa mzima Jumatatu, sawa. Usipokuwa mzima, matofali yanatoka."

"Yanatoka kwenda wapi?" akauliza Bi Eulalia. Safari hii Kiingereza chake kilikuwapo chote.

Denise akautazama mlango wa nyuma. Nje yake kulikuwa na kontena la takataka za ujenzi, na sote tulijua.

Bi Eulalia aliomba koti lake. Magoti yalikuwa yamemwisha wakati huo, alikuwa akifundisha kutoka kwenye kiti, fimbo ikionyesha na mdomo ukitukana. Siku hiyo hakutukana. Nilipomsindikiza mlangoni nikamuuliza tumekosea wapi.

"Mmekosea hesabu," akasema. "Mko wawili. Mnapaka kipande, kinakauka, mnaunga kipande kibichi kwenye kikavu. Hapo ndipo unapopasuka, kwenye maungio. Kwetu walikuja wanawake wote kwa pamoja, juu hadi chini, ukuta mzima ukiwa mbichi. Hapa hewa ni kavu, ndipo hasa mnapohitaji mikono mingi. Unawajua watu?"

Swali hilo liliniuma kuliko lori. Nilikuwa nimekaa Buffalo, mtaa wa Riverside, na nilimjua tarishi, tena kwa sura.

Nikamwambia Bahati awaite wanawake wa kanisani kwao, maana mama yake, Mama Furaha, ndiye aliyeongoza kwaya ya akina mama. Bahati akatikisa kichwa. "Mzee, minaogopa. Mama haitwi kwa simu na mutoto wake. Mukubwa anaombwa na mukubwa. Utaenda mwenyewe, utakaa, utakula, njo utasema."

"Kula lazima?"

"Kula njo kuomba yenyewe," akasema. "Njo" ya kwao ndiyo "ndiyo" yetu.

Nikaenda. Zainabu akanishika mkono njia nzima, anasema kwa ajili ya barafu, mimi najua ni ili nisigeuke. Ilikuwa nyumba nne tu kutoka kwetu. Mama Furaha alifungua mlango, mwanamke mpana, kitenge kiunoni, akanitazama, akamtazama Zainabu, akanitazama tena.

"Njo weye unaishi mu ile nyumba ya pazia imefungwa?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sisi tulisema mwenye ile nyumba alikufa. Tulisha kumuombea."

"Hajafa, mama," akasema Zainabu. "Ndivyo alivyo."

Tukakaa. Tukala sombe, kisamvu cha Kikongo, na samaki, na kila nilipofungua kinywa kueleza shida yangu kikaongezwa kijiko. Mwishowe nikaeleza: ukuta, nyufa, lori la Jumatatu, na bibi mmoja ambaye nyumba ya kwao imebaki pembe moja na hiyo nayo inakwenda kutupwa. Mama Furaha alisikiliza akikusanya makombo kwa kiganja.

"Udongo," akasema. "Mutu ametoka mbali hivi kuja Amerika, na kazi yake ni udongo. Mimi niliishi kambini kwenu Tanzania, nilipaka nyumba yangu kila mwaka, mvua ikiisha. Udongo wa kwenu ni mubaya, unashika mikono kama deni." Akanitazama. "Na weye Mutanzania hujui kupaka?"

"Sijui, mama."

"Sawa," akasema. Hakusema ni unyenyekevu. Alikuwa mtu wa pili kuniamini. "Tutakuya."

Wakaja Jumamosi asubuhi, ukumbi umefungwa kwa wageni. Nilitegemea wanne au watano. Magari yaliendelea kuegeshwa hadi nikaacha kutazama. Wanawake wa Kongo, wa Burundi wawili, Zainabu na rafiki zake wa Kitanzania ambao mimi sikujua anao, wote vitenge na kanga juu ya suruali za baridi. Bi Eulalia alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake mbele ya ukuta, fimbo magotini, kama hakimu.

Mama Furaha alikwenda moja kwa moja kwenye tope langu. Akachota, akanusa, akalisugua vidoleni. "Nani alichanganya hii?"

Bahati, mtu niliyemtetea miaka yote, akaninyooshea kidole.

"Iko kama uji ya mugonjwa."

Hakuna aliyemtafsiria Bi Eulalia. Aliona uso wa Mama Furaha, akacheka, akapiga fimbo chini: ndilo neno alilokuwa akituambia yeye mwenyewe, kwa lugha yake, tangu Louisville. Mchanga ukaongezwa, majani yakaongezwa, miguu ikaingia, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani ambao kwa kukanyagia tope unafaa kupita kiasi.

Wakaanzia juu, kwenye ngazi, wakishuka pamoja. Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kupisha. Mambo yalikwenda vizuri hadi Bi Eulalia alipoona kwamba mkono wa Mama Furaha unazunguka duara badala ya kwenda upinde. Fimbo ikagonga sakafu. Mama Furaha akageuka, akainua nyusi, akageukia ukuta, akaendelea na duara lake. Fimbo ikagonga tena. Wimbo ukafifia. Mimi na Bahati tukatazama ndoo zetu.

Ndipo Bi Eulalia akainuka. Yule aliyekuwa akibebwa kushuka garini alinyanyuka mwenyewe, akaenda hadi ukutani, akachota, akapitisha kiganja: chini, juu, chini. Akafanya tena. Mama Furaha akatazama, akashika kiuno. Kisha akaweka mkono wake karibu na wa bibi yule, akajaribu, akausikia udongo ukikubali.

"Ah, bon," akasema. "Hii inatoa upepo ndani. Iko vizuri." Akawageukia wenzake. "Ba mama, fanyeni kama huyu mama."

Heshima ikawa imekaa mahali pake. Chini kabisa, nyuma ya meko, Mama Furaha alipaka maduara yake kama alivyozoea, na Bi Eulalia akawa anatazama dirishani.

Wakipaka, wakauliza. Bahati alikaa katikati kutafsiri habari za Henisaro: waliotekwa, waliouzwa, waliowekwa mpakani kulinda watu wengine. Mama Furaha alisimama na tope mkononi. "Donc hawa ni wakimbizi. Kama sisi."

Bahati akafikisha. Bi Eulalia akafikiri. "Walikuwa," akasema. "Siku moja wakawa wenyeji."

"Siku gani?"

"Siku ya kupaka. Kwetu mgeni akitia mkono kwenye ukuta wako, ugeni wake umekwisha. Anaingia bila hodi. Anafunua sufuria mwenyewe."

Bahati alipomaliza kutafsiri, Mama Furaha akasema, "Haya, sufuria iko wapi?" na ukumbi ukaangua kicheko. Zainabu alikuwa ameleta pilau ndani ya chombo ambacho nilidhani ni cha kufulia. Bi Eulalia alikula sahani mbili akauliza kama ile harufu nzuri ni mdalasini, na kama bamia zimo.

Alasiri ukuta mzima ukawa mbichi, rangi moja toka juu hadi chini. Denise alifika akiwa na kikombe cha kahawa, akasimama, akasahau kukinywa. Alama za vidole zilijaa kila mahali, na akasihi ziachwe, ni nzuri, wageni watazipenda. Bi Eulalia alimtazama kama alivyotazama mikono yangu siku ya kwanza. "Ukuta wenye alama za vidole ni ukuta wa mvivu," akasema, akatoa ngozi ya kondoo. Wakasugua hadi ukawa shavu. Bahati akamwomba mtu wa mitambo apunguze joto, Zainabu akaleta mashuka yetu ya zamani, tukayalowesha, tukayatundika mbele ya ukuta ili ukauke taratibu. Shikeni hilo, vijana: ukuta ukauke kama mgonjwa anavyopona, si kama nguo.

Jumatatu lori lilikuwa mlangoni, plastiki imefungwa vizuri, dereva anatafuna mkate. Tukaondoa mashuka. Denise akapita polepole, kidole kikifuata ukuta, mbele hadi nyuma, juu hadi alipofikia. Mimi nilihesabu pumzi za watu wengine, zangu zilikuwa zimesimama. Hapakuwa na ufa. Sawa, ulikuwapo mmoja, kama unywele, kando ya meko, na mbele yake Bi Eulalia alikuwa ameegesha kiti chake na kukaa, sketi imetandazwa.

"Nimechoka," akamwambia Denise. "Nitakaa hapa kidogo."

Denise akamtazama bibi, akatazama sketi. Nadhani alijua. Akatoka nje, akamwambia dereva arudishe mzigo.

Siku ya ufunguzi milango ikafunguliwa, watoto wakamiminika, na hakuna hata mmoja aliyeutazama ukuta. Wote punda. Mimi nilikuwa nimevaa shati la Idi, nimejisogeza karibu ili mtu akiuliza nimweleze, na hakuna aliyeuliza.

"Hawauoni," nikamlalamikia Bi Eulalia.

"Vizuri. Kinachotazamwa ni ufa."

Ndipo akina mama wa Riverside wakaingia, wamevaa kama Jumapili ya Pasaka, watoto na wajukuu nyuma yao wakijibu kila kitu kwa Kiingereza. Wakaruka kamba ya kuzuia wageni, au waliipita kana kwamba haipo, wakaujaza ukuta migongo yao, simu zikatoka. Mama Furaha alikuwa katikati, kiganja kimelala ukutani kama kilivyolala siku ile.

Mlinzi wa ukumbi, mtu mgeni kazini, akaja mbio. "Samahani, mama, tafadhali. Hairuhusiwi kugusa. Wageni wote nyuma ya kamba."

Mama Furaha akamtazama Bahati atafsiri, lakini sauti iliyojibu ilitoka kwenye kiti.

"Waache," akasema Bi Eulalia. "Hao si wageni. Hao ndio wenye nyumba."

Mlinzi akamtazama bibi, akawatazama wanawake, akatazama kamba iliyokuwa haina kazi tena. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimeegemea mlango kwa raha zangu, shati la Idi na kila kitu.

"Na yule mzee?"

Bi Eulalia akanipima toka kofia hadi viatu.

"Yule," akasema, "bado tunamtazama."